Mwaka Niliofundishwa Adabu

Marta tumemzika juzi. Sitaki kusema mengi juu ya ugonjwa wake, wala juu ya wanawe, ambao wote ni watu wazima na wana midomo yao. Ninalotaka kusema ni lile lililotokea baada ya maziko, tulipokwisha kukaa kwenye mikeka na sinia za wali zikaanza kupita. Mjukuu wake mmoja, karani wa Dodoma mjini, kijana wa suruali iliyopigwa pasi ikakubali, alisimama akasema kwamba bibi yake alikuwa miongoni mwa wasichana wa kwanza kusoma shule ya misheni, enzi za Mdachi, na kwamba huko ndiko alikofundishwa tabia njema iliyomfikisha uzeeni bila kugombana na mtu. "Na mwenzake wa dawati moja tunaye hapa," akasema, akaninyooshea mkono. "Bibi Raheli, hebu tuambie, walimu wenu waliwafundishaje? Maana siku hizi watoto wanatoka shule na hesabu kichwani, lakini hata kumsalimu mtu hawajui." Dawati! Tulikuwa tunakaa chini kwenye ngozi ya ng'ombe, dawati lingetoka wapi? Watu wote wakanigeukia. Na mimi, ambaye nikishika mazungumzo hata mbwa hutafuta pa kulala, nilishika koo nikasema nina kikohozi. Sikuwa na kikohozi hata chembe. Nilikuwa na aibu, na aibu hiyo ina umri mkubwa kuliko huyo karani na baba yake.

Shule yenyewe ilikuwa nje ya Mpwapwa, upande wa magharibi, mahali ambapo upepo wa kiangazi ukianza hauulizi mtu. Ilijengwa kama tembe zetu, paa bapa la miti na udongo, ila ilikuwa na madirisha, na kuta zake zilipakwa chokaa mpaka mchana macho yanauma. Wasichana tulilala chumba cha nyuma. Mimi na Marta tulilalia ngozi moja, na Marta alikuwa na miguu ya baridi kama chura, akiniwekea mgongoni kila tulipolala. Chakula kilikuwa ugali wa uwele na maharage, na mara mojamoja mlenda, lakini tulikula kimya. Hilo ndilo lililonitesa mwanzoni. Nyumbani kwetu mtu akila kimya, huulizwa anaumwa nini. Pale ukisema neno na tonge mkononi, ulitazamwa kwa huruma, na hiyo huruma ilikuwa mbaya kuliko kofi.

Mwalimu wetu aliitwa Elieza. Alikuwa mtu wa pwani, mfupi, mkavu, na kanzu yake aliifua mwenyewe. Nataka nimtendee haki, kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu amwone mbaya, na mbaya hakuwa. Shule ya serikali kule bomani tulisikia watoto wanachapwa viboko kwa kukosea wimbo wa mfalme wao Mdachi. Mwalimu Elieza hakuwahi kuinua fimbo. Kila asubuhi, kabla ya herufi, kabla hata ya sala ndefu, tulikuwa na kipindi alichokiita somo la moyo. Alitusimamisha wawili wawili, tutazamane usoni, tuambiane: "Jana umeniumiza kwa jambo hili." Mwenzako anajibu: "Nimelisikia, nisamehe." Mnashikana mikono. Sisi watoto wa Kigogo tuliofunzwa kutazama chini mbele za watu, kutazamana machoni kulitufanya tucheke mpaka machozi, na yeye alitusubiri tumalize kucheka, kisha tunaanza upya. Na aliweka kibuyu cha maji pembeni. Mtu akipandwa na hasira, anakwenda kuchota, anajaza kinywa, asimeze wala asiteme mpaka hasira imtoke. "Hasira ni moto, wanangu," alisema. "Uzime kinywani mwako, usimtemee mwenzako." Sasa maji yenyewe tuliyafuata kwenye visima vya mchanga mtoni, mbali, na mwezi wa kiangazi yalikuwa ya kupimiana. Basi Marta akawa mtu wa hasira kuliko simba! Kila saa amekasirika, anakwenda kibuyuni, mashavu yamevimba, na ukimtazama shingo unaona maji yanashuka. Mwalimu alijua. Alitabasamu tu, akageukia ubao.

Siku moja nilikuwa nakanda udongo nyuma ya ukuta wa chumba cha Bibi Mzungu, yule aliyesimamia misheni, nikawasikia wanaongea. Bibi Mzungu alikuwa akisema Kiswahili kama mtu anayetafuna ugali wa moto. Alisema watu wa hapa wanatukanana tangu asubuhi, wake kwa waume, hata msibani, na hajui ataanzia wapi. Mwalimu Elieza alimwacha amalize. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijaisahau, "Mimi, Bibi, nilikuwa na jina moja tu utotoni. Mtumwa. Mtumwa njoo, mtumwa ondoka. Nilidhani ndilo jina nililopewa na mama yangu, mpaka siku niliyonunuliwa nikaachiwa huru. Mtoto aliyepita mikononi mwangu hatamtukana mtu. Hilo nimejiapia." Nilibaki na udongo mikononi, machozi yananitiririka. Kuanzia hapo nilimpenda kama baba, na nikaamua kwamba katika watoto wote nitakuwa wa kwanza kwa adabu. Nikawa. Nilipokuwa na hasira nilijaza maji kinywani na sikumeza tone. Nilijifunza kusema "naomba radhi" na "tafadhali" kwa Kiswahili chake cha pwani, taratibu, na akawa akinisimamisha mbele: "Mtazameni Raheli." Raheli ndilo jina walilonipa wao. Nyumbani nilikuwa Nyemo, furaha.

Nyumbani palikuwa ng'ambo ya mbuga, mwendo wa asubuhi mpaka jua linapokuwa kichwani. Nilikuwa nakaa na bibi yangu mzaa mama, na kwa bibi yangu mgeni wa kila siku alikuwa Mzee Chibago. Kwa msomaji asiyejua, ukoo wa Mzee Chibago na ukoo wetu ni watani. Tumepewa hivyo na mababu. Mtani unamtukana naye anakutukana, unamnyang'anya kuku wake mbele ya macho yake, na haruhusiwi kukasirika. Lakini utani si mchezo mtupu. Ukifiwa, mtani ndiye anayeingia kaburini kwanza kulipima, ndiye anayewachekesha wafiwa ili wasife kwa uchungu, ndiye anayekuja kuisafisha nyumba na mauti. Ndugu zako hawawezi kufanya kazi hiyo, wana huzuni. Maiti isiyo na mtani huzikwa kama ya mpita njia.

Mzee Chibago alikuwa na pua pana na magoti yaliyopinda, na aliijua saa ya ugali wa bibi kuliko bibi mwenyewe. "Umekuja na tumbo," bibi atamwambia kutoka jikoni, "mikono ya kulimia umeiacha wapi?" Naye: "Nyamaza wewe mtumwa wangu, nani alikununua kama si mimi? Lete chakula, na huo mlenda wako unaokimbia mkononi kama mwizi." Bibi anacheka mpaka anashika ukuta. Kisha anampakulia kipande kikubwa kuliko chetu sote na maziwa ya mgando juu. Tangu utoto nilikuwa najibizana naye mimi pia; bibi alinifundisha matusi yake moja moja, kama wengine wanavyofundisha watoto nyimbo. Lakini nilipokuja likizo mwaka ule, nilikaa nikawatazama wazee wale wawili wakitukanana juu ya moshi wa jiko, na nikaona haya. Nikawaza, Mwalimu akiwaona je? Mzee Chibago akanigeukia. "Na wewe panya wa misheni, mbona kimya? Hebu nitukane kidogo, miezi mingapi sijasikia ulimi wako!" Nikamjibu kwa Kiswahili, nikimtazama usoni kama nilivyofundishwa: "Babu, kutukana si vizuri." Alicheka. Alidhani ndiyo kejeli mpya. Bibi hakucheka. Alinitazama sana, kisha akasema, "Nyemo, mtani nisipomtukana atadhani nimemchukia," akaendelea kuokota mawe kwenye uwele.

Mvua za kwanza hazijanyesha bado, habari ikaja shuleni kwamba bibi amefariki. Alikwenda kisimani, akarudi, akaweka mtungi chini, akalala. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mwalimu Elieza alikuja akachuchumaa mbele yangu kwenye vumbi, yeye na kanzu yake nyeupe, akasema, "Hutakwenda peke yako." Akaligeukia darasa akawaambia, "Tumesema habari za huruma kwa maneno. Leo tutaifanya kwa miguu." Tukaondoka, mwalimu mbele, watoto nyuma, Marta amenishika mkono njia nzima. Hakuna aliyelalamika jua. Nakwambia ukweli, sijawahi kupendwa na kundi la watu kama nilivyopendwa siku ile njiani.

Tulipofika, kaburi lilikuwa limeshachimbwa kando ya zizi na wanawake walikuwa juu ya paa la tembe wakilia. Mama yangu mdogo, ambaye ndiye aliyebaki mkubwa wa nyumba, alinikumbatia. Mwalimu alisimama na watoto pembeni, kofia mkononi, wakaimba wimbo mmoja wa polepole, na wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hapo ndipo Mzee Chibago akatokea. Alikuja amevaa kaniki ya bibi, ameifunga kichwani kama mwanamke, uso ameupaka majivu, anachechemea na fimbo ya bibi. Wanawake juu ya paa walianza kucheka huku wanalia. Akaruka kaburini, akajilaza, akajinyoosha. "Mmechimba padogo!" akafoka kwa Kigogo. "Mwanamke huyu mchoyo, na tumbo lake lile, mtalikunja? Ongezeni huku! Ole wangu, mtumwa wangu amekufa, nani atanipikia? Mtumwa mvivu we, umekufa makusudi ukwepe kazi!" Na alipokuwa akisema hivyo machozi yalikuwa yanachimba mifereji kwenye majivu. Mimi niliyaona. Nilikuwa karibu.

Mwalimu Elieza hakujua Kigogo. Aliinama akaniuliza sikioni, "Huyu mlevi anasema nini?" Ingetosha kusema, mwalimu, huyu ni mtani wetu, ndivyo tunavyozikana. Pwani nako kuna watani, angeelewa labda. Lakini niliona haya, jamani. Nilimwona babu wa watu amejipaka majivu shimoni, nikaona kanzu nyeupe ya mwalimu, na watoto wamepanga mstari, na nikatamani ardhi inimeze kabla haijammeza bibi. Nilifundishwa kusema kweli bila kuongeza wala kupunguza, basi nikaisema hivyohivyo. "Anasema bibi alikuwa mtumwa wake. Anasema alikuwa mtumwa mvivu."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Mtu yule mpole, asiyeinua fimbo, alishuka kaburini akamshika Mzee Chibago mkono, akamvuta nje mpaka kaniki ikaanguka, akamsukuma mzee akapiga magoti kwenye kifusi. "Mwambie!" akanipigia kelele. "Mwambie, akilitaja neno hilo tena juu ya maiti nitampeleka bomani, wampige hamsa ishirini!" Kila mtu aliijua hamsa ishirini, hata asiyejua neno jingine la Kiswahili. Viboko ishirini na tano vya kiboko cha Mdachi. Hapakuwa na haja ya kutafsiri. Nikatafsiri. Mzee Chibago aliinuka, akajipangusa magoti, akaokota fimbo ya bibi akaiegemeza ukutani taratibu, akaenda zake bila neno. Mtani kuondoka msibani bila neno! Hata wazee hawakuwahi kuliona hilo.

Wazee wakakaa. Wakasema jambo hili lina dawa moja, tena nyepesi: Mzee Chibago akaitwe, na wa kumwita ni yule ambaye kinywa chake kilimfukuza. Amtukane vizuri, kwa moyo, amnyang'anye kitu nyumbani kwake, na mzee atarudi anacheka. Jua lilikuwa limepinda, na kwa joto la siku zile maiti haingojei. Mama mdogo akanishika mkono tukavuka korongo karibu kwa kukimbia. "Mtukane ile ya magoti," alikuwa ananiambia njiani, "ile ya bibi yako. Anaipenda ile." Tulimkuta ameketi mlangoni kwake, majivu bado usoni. Alipotuona alikaa sawa. Naapa alikaa sawa, akaegemea mbele, kama mtu aliyesikia chungu kinaipuliwa. Alikuwa anangojea.

Nikafungua kinywa. Mungu wangu. Nikasema, "Shikamoo, babu. Naomba radhi."

"Siyo hivyo!" mama mdogo akanisukuma. "Mtukane!"

Nilijaribu. Msidhani sikujaribu. Nilitafuta ile ya magoti, nilitafuta ya pua, ya tumbo, yote niliyolishwa na bibi pamoja na uji, na kwa kila nililoligusa nilimwona Mwalimu Elieza mtoto mdogo akiitwa jina lile. Kinywa kilijaa mate. "Wewe mzee," nikasema. "Wewe... wewe si mtu mzuri."

Alingoja. "Endelea, mjukuu wangu," akasema kwa upole. "Endelea, ndiyo hiyo inakuja."

Haikuja. Nilianza kulia, kilio cha kistaarabu, mikono nyuma. Mama mdogo akashindwa kuvumilia, akamrushia mzee matusi ya kila rangi, mazuri, matusi ambayo siku nyingine yangemwangusha chini kwa kicheko. Alimsikiliza yote. "Wewe nakujua, mwanangu," akamwambia. "Wewe hukunifukuza. Huyu mtoto ndiye aliyesema, na huyu simjui. Mtoto wa kwetu ningemjua." Akainuka akaingia ndani. Tulimsikia akikohoa, au akilia, sikuweza kupambanua.

Bibi yangu walimzika wajomba, kimya, kama tulivyokula shuleni. Hakuna aliyelipima kaburi, hakuna aliyecheka, na usiku ule nyumba haikusafishwa. Mwalimu Elieza alisoma sala nzuri. Jumatatu yake alinisimamisha mbele ya darasa akaeleza jinsi Raheli alivyopelekwa kwa lazima kumtukana mzee, akashinda, akamwomba radhi badala yake. Alikuwa amesimuliwa hivyo na mmoja wa wazee aliyejua Kiswahili kidogo, ambaye nadhani alikuwa anamsimulia msiba wetu, si sifa zangu. "Huyu ameshika somo," akasema, machozi yakimlengalenga. Wakanipigia makofi. Marta naye alipiga, maskini, kwa nguvu kuliko wote. Nami nikawatazama usoni mmoja mmoja kama nilivyofundishwa, nikasema ahsanteni.

Mpaka leo watu wananiita mwanamke mwenye heshima. Nililea watoto, nikafundisha shule ya Jumapili, sikugombana na majirani. Yote hayo niliyapata kwa Mwalimu Elieza na siwezi kuyakana. Lakini Mzee Chibago aliishi miaka mingi baadaye, mpaka baada ya vita na ile njaa iliyofuata, na tulikutana mara nyingi. Kila tulipokutana alisimama pembeni ya njia, akavua kofia, akaniambia kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama mtu aliyekwenda kujifunza kwa ajili hiyo: "Hujambo, binti. Habari za nyumbani?" Mama mdogo alimtukana, naye akamjibu kwa matusi. Wadogo zangu aliwanyang'anya karanga. Mimi, hujambo binti.

Nilipokuwa nimeolewa tayari, na mtoto wa kwanza mgongoni, siku moja kisimani nikaona sasa basi. Matusi yalikuwa yamenirudia zamani, moja moja, jikoni kwangu. Nikaweka mtungi chini mbele ya wanawake wote, nikamwanza. Nilianzia kwenye magoti, nikapanda kwenye tumbo, nikamaliza na pua, nikamwita mtumwa wangu mtoro, nikamnyang'anya na kofia yake nikaivaa. Wanawake walikaa chini kwa kucheka. Mtoto mgongoni alicheka. Mzee Chibago alisikiliza mpaka neno la mwisho, bila kukunja uso. Kisha akanyoosha mkono, akangoja mpaka nilipomrudishia kofia.

"Ahsante, mama," akasema. "Umefundishwa vizuri." Akanisalimia mtoto, akaenda zake.

Alipofariki, watu wake hawakutuma mtu kutuita. Habari tuliipata kwa wapita njia, kaburi likiwa limeshafukiwa.